Hufa Kwanza Msumari

Nyumba yetu Ngamiani, ya barabara ya saba,
iliezekwa zamani, kwa mshahara wa baba,
kwa jasho la mkongeni, si kwa mkopo wa riba;
bati halifi haraka, hufa kwanza msumari.

Kwanza paa la makuti, mwaka wa nne laoza,
mchwa wala katikati, na fito nje zapendeza;
baba akaleta bati, mkanda akiukaza;
bati halifi haraka, hufa kwanza msumari.

Juzi Singano kapanda, kiatu ameshavua,
akapapasa vidonda, vya chumvi, si vya mvua:
"Chumvi ya pwani huwinda, kichwa ndicho hukijua;
bati halifi haraka, hufa kwanza msumari."

Akakwangua ukungu, kutu yote kwa msasa,
akazoa ya mkungu, majani meusi hasa:
"Ningeitwa, dada yangu, kabla masika kugusa;
bati halifi haraka, hufa kwanza msumari."

Misumari ya kofia, raba chini, lami juu;
nami nikamwulizia, "Litafika wajukuu?"
Akacheka, kanambia, "Likipata lako guu,
bati halifi haraka, hufa kwanza msumari."

Kule juu ya mgongo, nimekuta ulopinda,
nyundo ya baba, ya chongo, ndiyo iliyoudunda;
hauvuji, si uongo; siung'oi, naulinda;
bati halifi haraka; haujafa msumari.