Daftari la Cikuru

Nyuma ya daftari la hesabu Cikuru kaandika:
mandemu: sisi, wa ngazi za Kadutu.
Pengi: si mahali pengi,
ni Nsimire peke yake na beseni lake la sambaza.
Endzi: hapa, ambapo mvua ikinyesha usiku
asubuhi tunahesabu nyumba.

Rapu humjia kutoka kwa yaya wake, London,
zinaingia umeme ukirudi, saa nane za usiku.

Westimani likabaki wazi.
Akauliza. Sauti ikachelewa siku tatu:
"Mtu bure, leki. Ndivyo wananiita jikoni."

Cikuru hakuandika maana.
Alichana kona ile ya karatasi, akaitafuna,
wino mchungu mdomoni,
akachukua bidoni, akashuka kuteka maji.