Barua Iliyofunga Karanga

Nakala kumi na tisa, faranga mia kila ukurasa,
kwa Bisimwa mwenye mashine, chini ya ngazi za Kadutu,
ambaye huniuliza bila kuinua kichwa:
"Ni ile ile ya juzi, au leo umependa kingine?"

Ni ile ile. *Ninayo heshima ya kuja mbele yenu.*
Hubadilika mstari mmoja tu,
ule wa ninachokipenda tangu utotoni.
Jumatatu, tangu utotoni, nilipenda bia.
Jumanne, benki.
Jumatano nilizaliwa, eti, kwa ajili ya kahawa,
kupima unyevu, kutenga punje zilizooza.
Alhamisi nikaipenda bima ya magari,
mimi wa kule juu Cimpunda ambako gari halifiki,
ambako hata jeneza hupanda kwa mabega.

Viatu ni vya dada yangu Nabintu.
Yeye thelathini na nane, mimi arobaini.
Nashuka na sandali katika tope,
nafika kwenye lami, nachuchumaa nyuma ya kibanda cha sabuni,
napangusa miguu, naingia ndani ya Nabintu
na kuanza kutembea kama mtu mwenye miadi.

Sentineli wa kiwanda cha bia alisema, "Acha hapa."
Hapa ni ndoo.
Ndoo ya rangi, iliyokwisha rangi,
na ndani yake bahasha za wenzangu,
tumelaliana kama sambaza sokoni,
macho wazi.

Benki kulikuwa na baridi nzuri.
Bibi wa dirishani aligeuza dosie yangu mara moja, kama chapati.
"Una uzoefu?"
Mama, uzoefu ndio niliokuja kuuomba.
Sikulisema hilo. Nilisema, "Asante."
Asante: hapo ndipo nimefanya staji ndefu kuliko zote.

Redioni walinikubali, karibu.
"Staji ipo. Usafiri juu yako, chakula juu yako,
na karatasi za printa uje nazo."
Niliuliza kama maikrofoni nayo ni juu yangu.
Hawakucheka.

Saa tisa mvua ikanikuta Nyawera.
Nikanunua karanga za faranga mia mbili,
nikazila nimesimama chini ya bati la watu,
hadi ikabaki chumvi,
na chini ya chumvi, maandishi:
*Ninayo heshima ya kuja mbele yenu.*

Haikuwa yangu. Hata hivyo magoti yalilegea.
Zihalirwa Ntakwinja, kilimo, mwaka wa tatu.
Tangu utotoni alipenda kuku.
Hakuna muhuri, hakuna "imepokelewa",
kuna doa la mafuta pale penye sahihi,
na namba ya simu ambayo mkasi wa mama wa karanga
umekula tarakimu mbili za mwisho.

Usiku umeme ulikuwa umekwenda zake.
Simu ilikuwa na moto kidogo, yunite hakuna.
Sijui ningemwambia nini. Labda: nimeisoma.
Labda: mtu mmoja ameisoma yote, hadi mwisho,
hata pale ulipoandika "bidii" mara tatu.
Nikaanza kubipu.
Sifuri sifuri. Sifuri moja. Sifuri mbili.
Nabintu akageukia ukuta, akavuta blanketi.

Kumi na saba ndiye aliyenipigia.
Sauti ya baba mzima, nyuma yake sahani na watoto:
"Nani huyo? Unatafuta nani?"
"Samahani, baba. Mtu fulani anayetafuta staji."
Akanyamaza. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
akawaambia jambo watu wa pembeni, nao wakacheka.
"Basi binti, hujakosea namba.
Humu ndani wako watatu."

Nikachukua karatasi ya karanga, nikaandika kando ya kuku:
*17, si yeye.*
Kesho nina barua ya kampuni ya boti
(tangu utotoni, maji).
Kabla ya kuvaa viatu, nianzie kumi na nane.