Ufa na Ukuta

Miaka minne Idwal aliiunda
kwenye banda nyuma ya nyumba, hapa Blaenau,
mji wa mawe meusi na mvua isiyojua kuaga.
Ilikuja vipande vipande, maboksi kumi na tisa.
Paa limo katika boksi la ishirini,
na hilo hatujalinunua.

Siku ya kwanza barabarani
mvua ilinipiga utosini,
na huku chini, ekzosi inapopita kando ya sakafu,
soli ya kiatu changu ikaanza kunata
kama ubani uliokwisha kutafunwa.
Juu nalowa, chini naiva.
"Joto?" akauliza. "Joto gani?"
Upande wake kulikuwa na upepo.

Jumamosi akashika drili.
Akakata bati la aluminiamu, akalibana kwa riveti,
akabandika juu yake karatasi ya fedha
inayong'aa kama ya kufunikia bata wa Krismasi.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Idwal alijenga ukuta,
ufa akauacha:
tundu la waya wa klachi, pana kama sarafu.
Joto likapitia hapo, likaja moja kwa moja
kwenye vifundo vyangu.

Basi nikavua koti.
Nimeuguza watu Bangor miaka thelathini na mmoja,
bendeji naijua kuliko sala.
Nikailoweka ndooni ile ya nyuzi za kioo,
nikaanzia bomba linapotoka kwenye injini,
kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia,
usikaze, usilegeze,
kama nilivyoufunga mguu wa mzee Cadwaladr
kwa miezi saba,
naye hakuwahi kusema asante.

Tundu nikaliziba kwa mpira.
"Na bati lako," nikasema, "limelala mno ukutani.
Acha mwanya. Upana wa kidole.
Hewa nayo ni blanketi."
Alinitazama
kama mtu aliyekuta mgeni bandani mwake.
Kisha akang'oa riveti zote, arobaini na mbili,
bila neno.

Tulipowasha, bomba likafuka moshi mweupe
hadi jirani akatoka na ndoo.
Linakauka tu, nikamwambia. Rudi ndani.

Leo tumeshuka hadi Harlech na kurudi.
Mvua, kama kawaida.
Vidole vya miguu vimeganda, sivisikii.
"Baridi?" akauliza Idwal.
Nikatazama mbele.
"Baridi gani?"