Kinyonga wa Kushoto

Spoki tano za baiskeli ya Masereka,
nimezisugua kwenye jiwe la mtoni hadi zikateleza.
Vitanzi arobaini na vinane, kumi na viwili kila spoki;
ya tano ndiyo inayotembea.

Buluu ni sweta ya shule aliyoiacha Mbusa.
Nyeupe ni shali ya mtoto, mtumba wa Kasese;
nimeifumua, na uzi bado umejikunjakunja
kama unaokumbuka mabega ya mtu.

Ithungu alinichorea mfano kwenye daftari la hesabu,
mraba mmoja, kitanzi kimoja.
Aliunakili kambini, kwenye glavu za mgeni:
paa mwenye pembe kama mti uliopukutika.
Mnyama huyo simjui, hajapita Kilembe.
Nikamfuta kwa kipande cha ndala,
nikamweka kinyonga wa pembe tatu,
wa kule juu kwenye mianzi,
anayepanda bila pupa.

Buluu tatu, nyeupe moja, buluu mbili.
Rangi isiyo na zamu hupita nyuma, gizani,
na kazi yote iko huko:
ukiubana uzi wa nyuma
mbele patapendeza, mkono hautaingia.
Niulegeze, basi.
Niulegeze tena.
Huyu ndiye wa mwisho nyumbani,
na amechagua kubeba kilo ishirini na tano
za watu wengine hadi kwenye theluji.

Vidole vinne chumba kimoja, vipashane moto.
Gumba, mkaidi, na chumba chake.

Pembe hazifumiki, ni nyembamba mno.
Nilizidarizi kwa sindano,
uzi wa kijani wa shilingi mia tano,
na jicho, fundo moja, linaloangalia nyuma.

Wa kulia alitoka mzima.
Wa kushoto alitoka na miguu mitatu:
usiku ule Nyamwamba uliguna chini ya nyumba,
na tangu mwaka uliobeba jiko letu
mto ukiguna mimi huacha kuhesabu, nikasikiliza.
Sikufumua. Mguu wa nne nilimdarizia
mwekundu, maana kijani kilikuwa kimekwisha.

Akaondoka nazo Jumatano, alfajiri.

Akarudi siku ya nane, midomo imepasuka,
vifundo vya vidole vimechanika kama ganda la mhogo.
Akafungua shati, akazitoa kifuani,
safi, zimekunjwa, zanukia yeye.
“Mama, ni nzuri mno. Niliogopa kuzichafua.”

Sikumjibu.
Nilizichukua hadi jikoni,
nikazisugua masizi ya sufuria, mbele na nyuma,
kinyonga wa kulia, kinyonga wa kushoto,
hadi mguu mwekundu ukawa kama mingine.
Nikamrudishia.

Haya. Zimeshachafuka.
Vaa.