Kwa Msomaji Asiyelala

Ganjoni, saa tisa usiku. Mwanakombo anaandika,
jenereta ya jirani inakohoa:

"Mashine ya kwanza ikinyamaza, usiharakishe.
Kimya si kifo.
Igonge mara tatu. Ngoja sekunde thelathini.
Ikatie umeme kwanza, ndipo uamshe ya pili,
maana fahali wawili hawakai diski moja."

Anafuta fahali. Wakala atakwenda kutafuta zizi.
"Mashine mbili zisiandike pamoja."

Anakumbuka Idd ile Shali alipohamisha kwa kubahatisha,
Kilindini wakahesabu kila kontena mara mbili
hadi alfajiri.

Mstari wa mwisho unamkawiza.
"Ukiwa na shaka, simama.
Niamshe."

Anaweka nambari yake,
kisha anaifungulia simu sauti.