Uwele na Unywele

Miaka ishirini na sita, Kibaigwa,
nimesaga uwele wa watu,
dizeli ikiguruma ubavuni, sikioni hata pamba hakuna.
Jioni naizima mashine. Haizimiki.
Inaendelea kichwani, nyembamba, kama nzi ndani ya chupa.

Mama Ndahani akisema chai, nasikia ai.
Paka, taka, chaka, kaka:
kwangu zote a-a, a-a, kama nabembelezwa.
Anapaza. Sauti naipata, mama;
maneno ndiyo yanayofika yamepepetwa,
upepo umekwenda na herufi zake.

Hospitali, Dodoma mjini, daktari akamulika.
Nta hamna. Ngoma nzima.
Ni huko ndani, akaandika kwa herufi kubwa,
kwenye kikonokono: vinywele vimelala.
Nikauliza, vitaota mvua za Desemba?
Uwele ukiliwa na ndege, si tunapanda tena?
Akatikisa kichwa.
Hilo halikuhitaji sikio.

Leo asubuhi mke wangu kaizunguka meza,
akasimama penye mwanga wa dirisha, kikombe mkononi,
wala hakupaza.
Meno yakakutana, midomo ikachongoka:
ch.
Nimeiona.