Mlimao wa Maji ya Kuoga

Mlimao wetu wa Mvumi haunywi maji ya kisima.
Hunywa tuliyokwisha kuogea:
povu la sabuni ya mche, vumbi la visigino,
vyote hupita mferejini hadi shinani,
nao hutulipa malimao madogo, makali,
ya kumkunja mgeni uso.

Mwezi wa tatu nikaona yai.
Moja, juu ya jani changa, manjano iliyopauka,
dogo kama kichwa cha pini.
Kesho yake lingine, jani jingine,
kama mtu asiyeamini benki moja.
Mtagaji sikumwona.

Kilichotoka nilidhani ni mavi ya ndege,
cheusi, kina baka jeupe mgongoni, kinang'aa ubichi.
Nikataka kukifuta kwa kijiti.
Akatembea.
(Hapo ndipo nilipoacha kusema "hiki".)
Sechelela alicheka mpaka akakaa chini:
"Mama, amevaa uchafu ili asiliwe!"
Sawa. Hata mimi hela ya mnadani
huifunga kwenye tambara bovu.

Akala. Akavua ngozi, akala na ngozi yenyewe.
Siku moja akaamka kijani, mnene kama kidole,
mikanda ya kahawia ubavuni, macho ya uongo begani.
Nilipomgusa, pembe mbili zikachomoza nyuma ya kichwa,
laini, rangi ya chungwa,
na harufu ya limao lililooza.
Nikaruka nyuma, mimi, mwenye miaka arobaini na mitatu.

Chedego, wa shamba la zabibu ng'ambo ya korongo,
akaja na bomba la dawa mgongoni.
"Dakika moja tu, mama Seche."
Nikahesabu majani yaliyobaki. Nikahesabu viwavi: watano.
Nikamwambia apite kesho.
Kesho shore walikuwa wamebakiza wawili.

Mmoja alipanda ukingo wa dirisha la bafu.
Mwingine akachagua kijiti,
akajifunga uzi mmoja kiunoni,
akaegemea nyuma kama fundi wa umeme juu ya nguzo,
akatulia.

Kwenye daftari la Sechelela kuna duara:
yai, lava, pupa, kipepeo,
mishale minne ya wino wa bluu, yote urefu mmoja.
Mshale wa pupa haukusema Juni.
Haukusema Julai, upepo unapochuna midomo,
wala Septemba, ng'ombe wanapokwenda mbali kunywa
na kurudi na kiu ileile,
wala Oktoba, mbingu nyeupe kama sahani iliyolambwa.
Yule wa dirishani alitobolewa kwa ndani;
akatoka nyigu mwembamba, akajipangusa,
akaenda zake bila kuaga.
Wa kijitini akabaki, mkavu, rangi ya gome.
Nilishaacha kumtazama.

Mvua ya kwanza ilipiga bati usiku, mwishoni mwa Novemba.
Siku ya tatu, asubuhi, ganda lilikuwa wazi,
naye amening'inia juu yake,
mabawa yamekunjamana kama khanga iliyokamuliwa.
Akayajaza taratibu.
Yakanyooka: meusi, yenye madoa ya manjano hafifu,
unga wa uwele uliomwagikia sufuria ya masizi;
na kwenye kila bawa la nyuma, chini,
jicho jekundu lenye wanja wa buluu.
Mkia hana.
Alipokauka hakwenda kwenye ua lolote.
Alishuka mferejini, kwenye tope letu,
akakunjua mrija wake,
akanywa chumvi ya migongo yetu.

Sechelela hakumwona. Alikuwa kwenye mtihani.
Swali la saba: Taja hatua nne za ukuaji wa kipepeo.
Aliandika tano.
Kati ya pupa na kipepeo aliandika: mvua.
Mwalimu Ndahani akapiga kosa kwa wino mwekundu.

Sikwenda kudai maksi.
Ila jana, nikimwogesha mdogo wake,
nilimwambia apunguze sabuni,
kuna watu wanakunywa.